Gari la Milango Miwili na Kikohozi cha Baba

Jumapili, tarehe 14 Septemba. Upepo tangu saa tatu ya asubuhi, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya kabati la sahani. Wingu hata moja hakuna. Mvua bado.

Nilitaka kuandika hayo ya vumbi tu, kisha nifunge daftari nikalale kidogo. Lakini jirani yetu mpya, msichana aliyeolewa majuzi, ametandika mihogo yake ya kulowekwa juu ya gari bovu la mume wake, upande wa pili wa ukuta. Jua lilipoipiga, harufu imetufikia: mihogo iliyochacha, chuma cha moto, na chini yake ile harufu ya mafuta ya injini ya zamani. Mume wangu amesema, "Hii harufu itatuhamisha." Mimi nimekaa kwenye ngazi. Nimekasirika, wala si kwa jirani. Nimekasirikia watu wa zamani, baba yangu, fundi Kalenga, bibi yangu Kambo, na zaidi mimi mwenyewe, ambaye wakati ule nilikuwa na miaka minane ao tisa. Sijui kama ni haki kumkasirikia mtoto wa umri huo. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, na anayejua zaidi atanisahihisha. Mimi shule niliacha mapema.

Baba alikuwa anasuka waya za mota katika atelye moja, karakana ya migodi. Kazi hiyo ni ya mikono: waya wa shaba mwembamba kama uzi, unazungushwa mara mia na zaidi, na mkono ukiyumba unaanza upya. Msimamizi wake, mgeni aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia gari lake. Hatujawahi kujua kama alimpa ao alimuuzia, na sitasema nisilolijua. Lilikuwa gari la mashindano, la rangi ya chungwa, fupi, la chini, tayari la zamani wakati huo. Lilikuwa na milango miwili na viti viwili, na nyuma ya viti kibao ambapo watoto wawili wembamba waliweza kujikunja. Sisi tulikuwa watoto sita. Na ajabu yake ni kwamba injini ilikuwa nyuma, chini ya kifuniko chenye matundu marefu kama ya dirisha la jiko, na mbele, mahali pa injini, palikuwa pa kuweka mizigo.

Watu wa avenyu yetu hawakumwacha baba.

"Baba Solange," walimwita kwa jina la yaya, dada yangu mkubwa, "ulinunua gari ao kiatu?"

"Kiatu yenye inashinda gari yako mbio," baba alijibu.

"Na ile nusu ingine iko wapi? Itafika na treni?"

Baba hakuwa mtu wa majivuno. Hapana, niseme kweli: alikuwa na majivuno kidogo, siku ya Jumapili tu, akivaa shati lake jeupe na kuzunguka na gari mpaka kwenye kanisa na kurudi. Siku nyingine alikwenda kazini kwa miguu na gari lilibaki nyuma ya nyumba, kwenye jua.

Kiangazi kile Kambo, mama ya mama yangu, alitoka Mitwaba kuja kutibiwa mguu. Hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa si kosa lake. Wenye rika langu mnajua bila kuelezwa, lakini watoto wetu leo hawajui: kwetu mukwe na mama-mukwe hawaonani. Hawakai pamoja, hawaongei, hawakutani njiani. Kambo akimwona baba kwa mbali, alijifunika kichwa kwa kitenge na kugeuka. Baba akirudi kutoka kazini, alisimama getini na kukohoa mara mbili, kwa nguvu, ili Kambo apate nafasi ya kuingia katika chumba cha nyuma. Kikohozi hicho kilikuwa kama kengele yetu. Kila siku saa kumi: ehem, ehem. Kisha kimya kidogo. Kisha baba anaingia.

Mama alinieleza kwa kifupi, kama mama anayewahi sokoni. "Baba yako na Kambo habaonane. Iko heshima." Yaya Solange ndiye aliyeongeza chumvi. Aliniambia, huku akinisuka nywele na kunivuta sikio, "Mukwe akivunja ile heshima, mikono yake inaanza kutetemeka. Haipone tena." Nilifikiria mikono ya baba na waya za shaba. Kuanzia siku hiyo nikaweka sheria yangu mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyenipa: kitu chochote cha Kambo kisifike kwa baba, hata kwa neno. Nilikuwa silitaji jina lake mbele ya baba. Kama Kambo amenipa karanga, nilizila nje.

Sasa Kambo alikuwa mtu wa kazi, mguu ule haukumzuia. Alinunua mihogo ya unga wa bukari, ugali wetu, akailoweka katika pipa, na ilipolainika akatafuta mahali pa kuianika. Chini kulikuwa na kuku na mbwa. Juu ya bati hakuweza kupanda. Akaona gari. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kipana, safi, na cha moto kama sahani iliyotoka jikoni. Kila asubuhi baba na mama wakishaondoka, alitandika gunia lake lililochakaa juu ya kifuniko na kumwaga mihogo. Ilipokauka aliivunjavunja hapohapo kwa mikono yake, na unga mweupe ulishuka kupitia nyuzi za gunia, ukaingia katika yale matundu. Mimi nilimsaidia baada ya shule. Saa kumi baba akikohoa, tulikuwa tunakusanya mbiombio, Kambo anabeba beseni, mimi ninafuta gari kwa kitambaa cha maji. Baba aliponikuta nimeshika kitambaa alinipapasa kichwa. "Huyu mutoto wangu anapenda gari kunipita," alisema. Nilikamua kitambaa. Kisha yeye alifungua mlango, akawasha injini dakika chache ili betri isilale, na injini ikavuta unga wote ndani. Hayo ya kuvuta niliyajua baadaye.

Jumamosi moja baba alilipeleka kwenye kontroli, ukaguzi wa magari, akanichukua mimi. Mwaka ule walikuwa wameleta mashine mpya yenye mpira mrefu wa kuingiza katika bomba la moshi, na sindano iliyoonyesha kama moshi ni mbaya. Mkaguzi alikuwa mwanaume wa miwani, koti la kazi la bluu, mpole. Baba alipokanyaga mafuta, moshi mweusi ulitoka kama wa tairi linaloungua. Sindano ilikwenda mpaka mwisho ikakwama. Mkaguzi akaweka kitambaa cheupe kwenye bomba, akamwonyesha baba. Kilikuwa cheusi.

"Papa, gari yako iko nakula mingi na iko napumua kidogo," alisema. "Enda uitengeneze. Munarudi mara mbili ingine. Ya tatu ikikataa, tunatosha plake." Akagusa kibao cha namba cha gari, kama anayekibandua.

Nje, wenye kungoja zamu walimshauri baba kwa sauti ya chini kwamba yule anataka madesu tu, yaani hongo. Mimi nilikuwa pale. Sikumwona akiomba kitu, na moshi niliuona kwa macho yangu. Lakini baba alirudi nyumbani akisema madesu, madesu, njia nzima.

Mama alisikiliza habari yote akimenya vitunguu. "Plake ikitoka," alisema, "mimi naita bantu ya mitrayi. Wanaikata, wanabeba chuma yao, mimi napanda lengalenga pale."

"Utapanda lengalenga juu ya kaburi yangu."

"Kaburi yako itakuwa pembeni. Pale kuna jua ya muzuri."

Walicheka wote wawili, lakini tulijua mama anasema kweli, mboga ile angeipanda. Na baba alijua. Usiku, hapana, jioni ile, alikaa ndani ya gari peke yake, mikono juu ya usukani, gari limezimwa.

Kesho yake Jumapili alikuja fundi Kalenga. Huyo alikuwa rafiki ya baba tangu hawajaoa, mtu wa Kambove, mrefu, mwenye kuongea na mashine kuliko na watu. Alifungua kifuniko, akatoa filtri, ile ya kuchuja hewa. Ilikuwa imeganda weupe kama mkate.

"Angalia, Baba Solange. Hii haiko vumbi ya Lubumbashi. Vumbi yetu iko nyekundu."

"Basi iko nini?"

Kalenga alifikicha ule unga kati ya vidole. Mpaka leo siwezi kumlaumu kwa alichosema. Karbirateri, kile chombo cha kuchanganya hewa na esansi, yaani petroli, kilikuwa cha alumini, na alumini ikiliwa na maji hutoa unga mweupe. Nimeuliza mafundi wengine nikiwa mtu mzima, wamesema ni kweli. "Iko alumini," alisema. "Wanakuuzia esansi ya maji. Karbirateri yako iko naoza."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na goti lake. Alininyooshea kidole kwa mchezo, "Nusa, mwanafunzi wangu." Nilinusa. Ilikuwa mihogo. Ilikuwa mihogo ya Kambo, siwezi kukosea harufu ile. Nilitazama mikono ya baba iliyoshika buji mbili, plagi za injini, na nikafunga mdomo.

Walifanya kazi siku nzima. Walifungua karbirateri vipande vipande juu ya gazeti, wakaisugua, wakaipuliza. Filtri waliipeleka kwa kwado, mziba matairi, akaipiga upepo. Jioni gari lilizunguka avenyu mara tatu bila moshi hata kidogo, na baba alipiga honi mbele ya nyumba ya kila aliyemcheka. Lakini nafasi yake ya kwenda kontroli ilikuwa Jumamosi tu. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa Kambo alianika mihogo yake, na kila jioni baba aliwasha injini dakika chache.

Sikukaa bure kabisa, niseme hilo kwa haki yangu. Jumanne nilimwambia Kambo, "Tuweke juu ya banda ya kuku."

"Kuku batakunya ndani."

"Tuweke juu ya meza."

"Meza haiko na moto. Gari iko na moto ya chini na ya juu. Juu ya nini unasumbuka, wewe? Baba yako amesema kitu?"

"Hapana." Kwa maana sheria yangu ilikuwa ya pande zote mbili: neno la baba nalo lisifike kwa Kambo. Nikamshikia gunia.

Jumamosi ya pili gari lilitoa moshi mweusi kuliko mara ya kwanza. Mkaguzi aliinua vidole viwili, kisha kimoja. Kimoja ndicho kilichobaki.

Nilimjua baba kama mtu mwenye kusikiliza. Siku ile sikumjua. Alimwita Kalenga, wakafungua filtri, na ilikuwa imeganda weupe tena, kama vile hakuna aliyeigusa. Baba aliangalia filtri, akamwangalia Kalenga.

"Jumapili ilikuwa muzima."

"Ilikuwa muzima."

"Jumapili karbirateri ilikuwa safi. Ni wewe ulifunga. Leo iko naoza tena. Siku sita. Chuma gani inaoza siku sita?"

"Hata mimi sielewe, Baba Solange."

"Mimi naelewa. Yangu uliiweka kwa gari ya mutu mwingine, na mimi ukaniwekea ya kuoza."

Kalenga alibaki amechuchumaa. "Unaniita mwivi?"

"Sijasema mwivi. Nauliza yangu iko wapi."

"Unaniita mwivi mbele ya watoto yako."

"Basi mwivi," baba alisema, kwa sauti, na majirani waliokuwa wanafua nguo waliacha kufua.

Kalenga alisimama. Alifuta funguo zake, yaani spana, moja moja, kubwa kwa ndogo, akazipanga katika mfuko, na nadhani alichelewa makusudi ili baba apate nafasi ya kurudisha neno. Baba hakulirudisha. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwao, na neno moja tu, mihogo, lingetosha. Nimezaa watoto wanne, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini nikiikumbuka ile dakika bado nataka kujipiga kofi. Kisha najiambia, ulikuwa unalinda mikono yake. Kisha najiambia, na Kalenga nani alimlinda? Sijui. Ninaandika tu.

Jumatatu mama alipeleka habari kwa watu wa mitrayi, wanunuzi wa vyuma chakavu, waje waangalie gari. Nilipotoka shule nilimkuta Kambo ametandika kama kawaida, anavunja mihogo na kuimba polepole. Nilianza kulia nikiwa bado na mfuko wa shule mgongoni.

"Ni nini?"

"Kambo, ule unga unaingia kwa gari."

"Unga gani?"

"Unga yako. Inaingia kwa matundu, gari inashindwa kupumua. Papa Kalenga anasema iko alumini. Baba anasema Papa Kalenga ni mwivi. Watakuja kuikata."

Kambo aliacha kuimba. Aliinua pembe ya gunia, akainama kwa shida juu ya mguu wake mbaya, akaangalia ndani ya tundu moja, kisha la pili. Alipangusa kidole ndani. Alikiangalia muda mrefu.

"Ule mwanaume alikuwa nafuta funguo yake," alisema. "Nilimuona kwa dirisha. Aliitwa mwivi juu ya bukari yangu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Nilidhani atasema nimwambie mama, naye mama atamwambia baba, ndivyo ilivyokuwa njia ya maneno kati yao siku zote. Lakini alisema, "Ile jina alipewa mbele ya bantu. Haitatoka kwa kunong'onezana jikoni." Akachukua beseni, akamwaga mihogo mingine juu ya gunia, mingi, akaendelea kuivunja.

Saa kumi baba alikohoa getini. Ehem, ehem.

Nilishika kitambaa. Kambo hakuondoka.

Baba alingoja kama kawaida, kisha akaingia, na alipopinda kona ya nyumba akamwona. Alirudi nyuma nusu hatua kama aliyekanyaga makaa ya moto. Akakohoa tena. Kambo alivuta kitenge juu ya kichwa, akampa mgongo kabisa, lakini mikono yake haikuacha. Alivunja mihogo na kuifikicha. Baba alikohoa mara ya tatu, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba. Kambo akainua gunia pande mbili, akalitikisa juu ya matundu, na unga mweupe ukashuka ndani ya injini, mwingi, polepole, mbele ya macho yake. Kisha akalitikisa tena. Hakumwangalia. Alikunja gunia, akaweka beseni kichwani, akaenda chumbani kwake akiburuta mguu.

Mimi sikuangalia unga. Niliangalia mikono ya baba. Ilikuwa imening'inia tu, imetulia.

Alikwenda mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakinusa. Kisha akaniona na kitambaa changu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini gari lake lilikuwa safi kila siku.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Yaya alisema mikono yako itatetemeka."

Baba aliinua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akaigeuza. Alikuwa amekasirika, naweza kusema alikuwa amekasirika sana, lakini hakujua amkasirikie nani. Mtoto hapigwi kwa sababu ya heshima. Mama-mukwe hagombezwi. "Ile heshima iko ya mwili yangu na mwili yake," alisema mwishowe. "Haiko ya mihogo."

Hakuingia nyumbani hata kunywa maji. Alitoka getini na kushika njia ya kwa Kalenga. Walichosemezana huko sikusikia na baba hakukisimulia kamwe, kwa hiyo sitakitunga. Najua tu kwamba walirudi wawili, Kalenga na mfuko wake wa funguo, na baba amebeba kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Najua pia, nisije nikasahau kuandika, kwamba Jumamosi iliyofuata ile sindano ilikaa katikati na gari lilipewa karatasi yake, na watu wa mitrayi walirudishwa. Lakini mimi nakumbuka zaidi jioni ya Jumatatu.

Kwa maana heshima ilikuwa imevunjwa, na mwenye kuivunja hulipa kuku. Aliyevunja ni Kambo. Kambo hakuwa na kuku, alikuwa na mihogo tu. Baba alinipa yule kuku mwekundu. "Mupelekee Kambo yako," alisema. "Mwambie huyu ni kuku yake. Kisha yeye anipatie."

Nilimpeleka. Kambo alimpima kwa mkono. "Mwambie baba yako, nimepokea. Sasa mwambie, nimelipa." Nikamrudisha. Baba alisema, "Mwambie nimepokea, haina mbaya." Nikaenda kusema. Kuku alinikojolea gauni safari zote mbili, kama kuku wanakojoa, sijui. Kalenga, chini ya kifuniko cha injini, alicheka mpaka akapiga kichwa.

Mama alirudi kutoka sokoni akakuta maji yanachemka, na aliposimuliwa alikaa chini kwenye kigoda na kusema, "Bukari. Gari yote hii, juu ya bukari." Kisha akapika. Kambo alikula chumbani na wasichana wengine, paja la kuku katika sahani yake peke yake. Baba na Kalenga walikaa nje kwenye sahani moja, na mimi nilishika birika la kunawisha mikono. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya baba na hakuna mwingine aliyewahi kuigusa, ilikuwa juu ya nyama. Baba aliisukuma kwa kidole mpaka upande wa Kalenga.

"Hii iko yako, Baba Solange," Kalenga alisema.

"Kula."

Kalenga aliiangalia muda. Kisha akamega bukari, akaichukua, akaitafuna polepole, na baba hakugusa chakula mpaka alipoimeza. Tulikula kuku na mchuzi wa nyanya, bukari, na sombe, majani ya mihogo, iliyobaki ya Jumapili. Mimi nilipewa shingo.